Ramani ya nyekundu na kijani: data za rada za mwaka 2000 katika katiye moja ya Goma

Ramani yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Kundi la vijana wa katiye (mtaa) moja ya kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, wengi wao wanafunzi, waliichora mwaka uliofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 22 Mei 2021. Waliichapisha kwa ukubwa wa meza, wakaibandika ukutani kwenye ofisi ya katiye. Juu palikuwa na Nyiragongo, chini ziwa, na katikati avenyu zote za katiye, kila moja na rangi yake. Nyekundu maana yake moto, yaani uji wa mawe wa volkano, utapita hapa, kijani maana yake hapa ni salama. Zilikuwepo avenyu mbili zinazopakana, kati yao nyumba mbili tatu tu, moja nyekundu na nyingine kijani.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuisoma kwa namna ambayo vijana hawakuitarajia. Mwenye parsele (kiwanja) kwenye avenyu ya kijani alipandisha bei. Mwenye parsele kwenye nyekundu, aliyekuwa amekaribia kupatana na mnunuzi, akaona mnunuzi hapokei simu tena. Mama mmoja anayeuza makala (makaa ya kupikia) kwenye kona ya nyekundu ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote: "Sasa hii rangi, nani aliipima?" Chifu wa katiye naye alitaka kujua, maana malalamiko yote yalimfikia yeye. Ndipo nilipoitwa, kwa kuwa nafundisha somo la ramani na baadhi ya vijana hao walipita darasani kwangu.

Aliyepima ni rada, kutoka angani, Februari 2000. Katika jibu hilo sehemu ya rada haikuwa na tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwenye tarehe, na kwenye ukubwa wa swali ambalo vijana waliibebesha data hiyo.

Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliruka kutoka Florida kikiwa na wanaanga sita, wakiongozwa na Kevin Kregel. Mmoja wao alikuwa Mjapani, Mamoru Mohri, na mwingine Mjerumani, Gerhard Thiele. Kilirudi tarehe 22. Ilikuwa kazi ya NASA pamoja na shirika la ramani la wizara ya ulinzi ya Marekani, huku Wajerumani na Waitaliano wakileta rada yao ya pili. Kwa urefu wa kilomita 233 hivi juu ya dunia, chombo hicho kilipima karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote, kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi 56 kusini. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na ramani ya mwinuko iliyopimwa kwa kipimo kimoja na kwa wakati mmoja. Sisi wa Kivu tulikuwa na karatasi za enzi za Wabelgiji, nzuri kwa zama zake, na kuipata nakala yake isiyotoboka kwenye mikunjo kulikuwa kazi ya wiki.

Namna ilivyofanya kazi si ngumu kuielewa. Antena moja ilikaa ndani ya chombo, ikituma mawimbi chini na kuyapokea yakirudi. Nyingine ilikuwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, uliosafiri umekunjwa ndani ya kasha la urefu usiofika mita tatu, ukakunjuliwa huko juu. Hiyo ya nje ilipokea tu. Wimbi lilelile lililogonga kilima hufikia antena mbili kwa tofauti ndogo mno, kama sauti inavyofika sikio la kulia na la kushoto, na kutoka kwenye tofauti hiyo hesabu inatoa urefu wa mahali wimbi lilipogonga. Rada kuu ilitumia mawimbi ya sentimita 5.6. Mawimbi ya namna hiyo hupita kwenye mawingu na hayahitaji mchana. Kwa anayekaa Goma hilo si jambo dogo: Nyiragongo hujifunika mawingu na moshi wake siku nyingi kiasi kwamba mtu anayetegemea picha za kawaida za setilaiti anaweza kungoja miezi kabla ya kuiona yote.

Kwa miaka mingi data ya nchi zisizo Marekani ilitolewa ikiwa imepunguzwa, nukta moja kila mita 90 hivi. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitangaza kutoa ile kamili ya mita 30, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Faili la Goma linaitwa S02E029, lina nukta 3,601 kwa 3,601, na uzito wake ni megabaiti kama 26. Kwa bei ya mafurushi ya intaneti mjini, kijana analipakua bila kuomba msaada wa mtu.

Hapa nitoe sifa zinazostahili. Vijana walichukua faili sahihi, jambo ambalo watu wazima wenye vyeo hulikosea. Jina la faili hutajwa kwa kona yake ya kusini magharibi. Goma iko digrii 1.7 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mtu hukimbilia S01E029, anafungua, anatafuta volkano haoni, kumbe anaangalia Lubero na Ziwa Edward. Walibadilisha pia digrii kuwa mita kabla ya kukokotoa mteremko, kwa kutumia ukanda wa 35 kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita. Asiyefanya hivyo huambiwa na kompyuta kwamba Goma nzima ni ukuta uliosimama wima. Na walilikagua ziwa: nukta zote za Ziwa Kivu zilitoa namba moja, karibu mita 1,460, kama inavyotakiwa, kwa kuwa waliosafisha data hiyo walisawazisha maziwa kwa makusudi. Rada huhangaika juu ya maji yaliyotulia.

Baada ya hapo waliiomba programu ichore njia ambazo kitu kinachotiririka kingefuata kutoka mlimani hadi ziwani. Kila avenyu iliyoguswa na mstari ikapakwa nyekundu. Zilizobaki, kijani.

Dalili ya kwanza kwamba mambo hayakuwa sawa ilikuwa wazi kwenye ramani yenyewe, na nilishangaa hakuna aliyeiona. Mistari ile ilionekana kama mito. Goma haina mto. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano yenye vinyweleo na nyufa, mvua inanyesha na maji yanazama, ndiyo maana watu wa mji ulio kando ya ziwa la mita 485 kwenda chini wanabeba mabido (madumu) ya maji kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Kompyuta haijui hilo. Ikipewa mwinuko bila kuambiwa ardhi ni ya namna gani, itachora mito popote. Tena kabla ya kuichora huziba mashimo yote, kwa kudhani kila shimo ni kosa la kipimo. Huku kwetu mashimo ni ya kweli: vinywa vya volkano ndogo vimejaa mjini na pembezoni, na Lac Vert, upande wa magharibi, ni kimoja kilichojaa maji.

Moto wa volkano, lakini, hauzami kama mvua. Kwa hiyo mtu angeweza kusema mistari ile ni mibaya kwa maji na mizuri kwa moto. Vijana walinijibu hivyohivyo, na walikuwa na haki nusu. Uji wa mawe wa Nyiragongo ni mwepesi kuliko wa volkano nyingi duniani kwa sababu una silika kidogo. Mwaka 1977 ziwa la moto la juu kabisa lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja. Kitu chepesi namna hiyo hufuata mabonde, hata madogo. Basi swali likawa moja: mabonde yaliyomo kwenye faili ni ya lini?

Ni ya Februari 2000. Tarehe 17 Januari 2002, chini ya miaka miwili baadaye, Nyiragongo ilipasuka ubavu wa kusini, nyufa zikashuka hadi karibu na Munigi, kando ya mji, na moto ukaingia mjini. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ukapita katikati ya mji, ukaangusha kanisa kuu la Saint-Joseph, ukaingia ziwani. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ikawa chini ya mawe. Katikati ya mji bado kuna majengo ambayo mlango wa leo ulikuwa dirisha la juu la zamani.

Hakuna hata jiwe moja la hayo kwenye faili la S02E029. Njia ya kurukia ndege iliyomo humo ni nzima.

Mzee mmoja wa avenyu ya nyekundu aliliona hilo bila kujua lolote kuhusu Endeavour. Alisimama mbele ya ramani, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye avenyu yake, akamgeukia kijana aliyekuwa akieleza: "Hapa si bonde tena, mwanangu. Moto ya 2002 ilijazaka hapa pote. Leo mvua ikinyesha, maji inaenda kule kwa jirani." Kwa jirani ni avenyu ya kijani.

Kisa chote kimo katika maneno hayo, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Uji wa volkano ukipita bondeni haubomoi bonde, unalijaza. Ukipoa na kuganda, pale palipokuwa chini panaweza kubaki sawa na kando, au hata juu yake, kwa sababu kingo za mkondo huganda mapema na kujenga kuta. Moto utakaofuata ukifika hapo utakuta mgongo, nao utateleza pembeni. Anayetumia mwinuko wa kabla ya 2002 kubashiri njia ya baada ya 2002 hapati tu jibu lisilo kamili. Katika sehemu zilizofunikwa anaweza kupata jibu la kinyume, kwamba nyumba zilizo juu ya mawe ya zamani ndizo za hatari na za kando yake ni salama.

Niliwaambia vijana wasigombane na mzee wala wasikimbilie kumwamini, wapime. Palitafutwa fundi wa ujenzi mwenye ule mpira mwembamba unaoona, unaojazwa maji ili kusawazisha msingi wa nyumba. Kwa kuhama hatua kwa hatua kutoka avenyu moja hadi nyingine, mpira ule unatoa tofauti ya urefu kwa sentimita, na hauhitaji umeme. Mzee alikuwa sahihi. Avenyu ya nyekundu ilikuwa juu, imekaa mgongoni mwa mawe ya 2002, na ya kijani ilikuwa chini yake, kwa tofauti ambayo ingemficha mtu mzima hadi kichwa akisimama.

Tofauti ya kimo cha mtu ni kitu ambacho faili lile lisingeweza kukiona hata kama rada ingepita jana. Watu wengi wakisikia "setilaiti" au "NASA" hudhani usahihi wa sindano, kwa hiyo hapa inabidi namba. Lengo lililowekwa kwa kazi ile lilikuwa kosa la urefu lisizidi mita 16 katika nukta 90 kati ya 100. Ilipokaguliwa, matokeo yalikuwa mazuri kuliko lengo. Kwa Afrika kosa lilipatikana kuwa mita 5.6 kwa kipimo hichohicho. Ni kazi ya kupigiwa makofi kwa bara zima. Lakini mita 5.6 ni zaidi ya nyumba ya mbao ya Goma kuanzia sakafu hadi kilele cha bati.

Kuna na jambo lingine, dogo, ambalo hupita bila kuonekana. Urefu kwenye faili lile umeandikwa kwa mita kamili, bila desimali. Nukta moja hadi nyingine ni mita 30. Kwa hiyo mteremko mdogo kabisa unaoweza kuandikwa kati ya nukta mbili zilizo jirani, ukiacha sifuri, ni mita moja kwa thelathini, yaani asilimia 3.3. Kutoka uwanja wa ndege kushuka ziwani mteremko wa mji ni wa asilimia chache tu, uko hapohapo kwenye mpaka. Maana yake mjini nukta nyingi zinatoa namba ileile na jirani yake, kisha ghafla ngazi ya mita moja, kisha tambarare tena. Programu ikiulizwa kitu kitatiririka kwenda wapi, inafuata ngazi hizo. Sehemu ya ngazi hizo ni ardhi, sehemu ni kelele za rada, sehemu ni mabati ya nyumba na migomba, kwa kuwa rada ile ilirudi kutoka kwenye kitu cha kwanza kilichoizuia na si lazima kiwe udongo. Juu ya msitu mnene hupima karibu na vilele vya miti. Ukipanda kaskazini kuelekea hifadhi ya Virunga, utakuta kwenye data msitu wa mwaka 2000 ambao pengine ulishaingia magunia ya makala zamani, na kompyuta inaendelea kuuita kilima.

Mlimani hali ni tofauti kabisa. Nyiragongo ina mita 3,470, ziwa 1,460. Ni anguko la mita elfu mbili katika kilomita kama 20, tena sehemu kubwa ya anguko hilo iko kwenye kilomita za kwanza. Huko kosa la mita tano halibadilishi kitu. Ukitaka kujua kwamba moto ukitoka ubavu wa kusini utaelekea Goma na Gisenyi, mji jirani wa Rwanda, na kwamba ukitoka ubavu mwingine utaelekea kwingine, faili lile linakujibu bila kutetereka. Kosa la vijana halikuwa kulitumia. Walilishusha kutoka kwenye swali la mlima hadi kwenye swali la avenyu, na njiani hawakugundua ni wapi liliishiwa nguvu.

Wapo waliopendekeza suluhisho rahisi: tafuta data mpya zaidi. Ipo, nayo ni ya bure. Setilaiti mbili za Ujerumani, TerraSAR-X iliyorushwa 2007 na TanDEM-X ya 2010, ziliruka sambamba zikifanya kazi ya ule mlingoti bila mlingoti, na kutokana nazo Ulaya ilitoa modeli ya mwinuko ya Copernicus yenye nukta za mita 30 na urefu wenye desimali. Vipimo vyake ni vya kati ya 2011 na 2015. Mawe ya 2002 yamo. Ya 2021 hayamo. Tuliitumia, na ni bora kuliko ya zamani kwa karibu kila kitu. Lakini kijana mmoja, hodari kweli, alipotoa moja kwenye nyingine ili apate unene wa mawe ya 2002 mjini, alichokipata kilikuwa fujo: mawe yamo, lakini pia zimo nyumba zilizojengwa katika miaka hiyo yote, miti iliyokatwa, kelele za rada mbili, na tofauti ya usawa wa bahari ambao kila modeli inaanzia. Mawe yenye unene wa mita moja, mbili, tatu hayajitokezi humo. Njia hiyohiyo ilitumika vizuri na watafiti kwenye Nyamulagira, volkano jirani, kupima mawe yaliyotoka kati ya Novemba 2011 na Aprili 2012, kwa sababu kule ni tabaka nene porini pasipo na mji.

Kilichomaliza ubishi ni jaribio ambalo wataalamu wa volkano hulifanya kawaida na ambalo halihitaji data mpya. Badala ya kuiuliza kompyuta mara moja moto utapita wapi, unaiuliza mara nyingi sana, na kila mara unaongeza au kupunguza urefu wa kila nukta kwa kubahatisha, ndani ya kiasi cha kosa linalojulikana. Kisha unahesabu kila mahali paliguswa mara ngapi. Vijana waliandika programu fupi ya kufanya hivyo, wakaiacha ikifanya kazi usiku, saa ambazo umeme hauyumbi sana. Asubuhi ule mstari mwembamba wa nyekundu haukuwepo tena. Badala yake palikuwa na ukanda mpana, mzito katikati na hafifu pembeni, uliomeza avenyu zote mbili, ya nyekundu na ya kijani, na nyingine nyingi upande huu na huu. Ilipoulizwa kwa haki, kompyuta yenyewe ilikataa kutofautisha majirani.

Naona jaribio hilo lingetakiwa kuwa la kwanza, kabla ya rangi yoyote. Anayechora mstari mmoja anasema "najua." Anayechora ukanda anaonyesha anachojua na kinakoishia.

Hata ukanda, lakini, una kikomo chake, na hiki nilikisisitiza zaidi kwa chifu kuliko kwa vijana, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa na watu. Ramani ya mwinuko inajibu swali hili tu: moto ukitokea hapa, utaelekea wapi. Haisemi utatokea wapi. Mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021 moto ulioua watu ulipita kwenye nyufa za ubavuni, haukumwagika kutoka ukingo wa kinywa cha juu, na nyufa hazifuati mteremko. Za 2002 zilishuka hadi mlangoni mwa mji. Mwaka 2021 uji ulisimama Buhene, mita mia kadhaa tu kutoka uwanja wa ndege, lakini siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka, nyufa zikaonekana mjini, na wataalamu wakasema miamba iliyoyeyuka imesogea chini ya mji kuelekea ziwani. Ndiyo maana tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliagiza katiye 10 kati ya 18 zihame. Katika hali ile kuuliza mteremko kungekuwa kupoteza muda, maana hatari ilikuwa chini ya miguu. Kwenye jambo hilo wa kusikilizwa ni wenye vipimo vya matetemeko na gesi, yaani kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, na si mtu yeyote mwenye kompyuta na faili la bure, nikiwemo mimi.

Ramani ya pili haikuwa nzuri kuitazama kama ya kwanza. Haina kijani. Ina ukanda mmoja wa rangi ya matofali unaofifia pembeni, bila mpaka mkali, na majina ya avenyu yameandikwa kwa wino mweusi yote sawa. Mipaka ya mawe ya 2002 na ya 2021 imechorwa kwa kuitembelea kwa miguu, simu mkononi, vijana wakifuatana na wakaaji waliokuwepo usiku ule. Barabara ya kwenda Sake na zile za kwenda Gisenyi kupitia vituo vya mpakani vya Grande Barrière na Petite Barrière zimetiwa mkazo, kwa sababu mtu akiamshwa saa nne za usiku anachohitaji ni barabara, hana haja ya namba ya mwinuko. Chini, kwa herufi kubwa kama za kichwa, imeandikwa tarehe ya kila data iliyotumika. Vijana walitaka iandikwe ndogo pembeni. Nilikataa, na kwa hilo sikubembelezwa.

Mwenye parsele ya kijani alikuja kulalamika kwamba amenyang'anywa rangi yake. Alidai ramani ya kwanza ilitolewa na ofisi, kwa hiyo ana haki nayo, na alikuwa ameshaipiga picha na kuituma kwa mnunuzi. Chifu alimsikiliza kwa uvumilivu kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alimwonyesha mahali fundi alipopimia, akamtembeza kutoka mgongo wa mawe hadi kwenye lango lake, kushuka, na baada ya hapo maneno yakapungua. Jambo gumu zaidi lilikuwa ombi la chifu mwenyewe: je, ramani ya pili isingefaa kuambatanishwa na karatasi za mauzo ya parsele, iwe na muhuri? Niliona anakotoka. Ofisi ikiwa na karatasi yenye muhuri, migogoro hupungua kwa muda. Lakini ukanda uliochorwa ili familia zijue pa kukimbilia ukiingia kwenye bei ya ardhi, watu wataanza kuusogeza, kwanza kwa maneno, kisha kwa pesa. Vijana walikubaliana nami, isipokuwa mmoja. Huyo anaamini kwamba kama watapima katiye nzima kwa mpira wa maji, avenyu kwa avenyu, ramani ya kila parsele itawezekana. Kwa upande wa upimaji yuko sahihi, na wamekwisha kuanza.

Wenzao wa Bukavu walipopata habari waliomba mafunzo hayohayo, wao wakisumbuliwa na maporomoko ya udongo. Faili lao ni S03E028, na kwao mambo ni tofauti. Mji ule umening'inia kwenye vilima. Nyumba ya juu na ya chini yake zinaweza kutofautiana kwa mita ambazo rada ya mwaka 2000 inaziona vizuri. Mteremko wa kilima kizima utatoka sawasawa. Kitakachowapotea ni makorongo membamba kati ya nyumba, ambayo nukta ya mita 30 huyaruka bila kuyagusa, na ndiyo yanayobeba udongo mvua ikizidi. Nimewatumia ile programu fupi ya kubahatisha makosa, na nimewaomba waitumie kabla hawajafungua kisanduku cha rangi.